Mpunga Umeiva

Ijumaa, Februari. Tangu alfajiri ukungu umeufunika mtaa wetu wa International City. Saa tatu ilipofika nilikuwa bado siwezi kuliona jengo la mbele. Kulikuwa kimya na baridi kidogo.

Nilifundisha sarufi ya Kiswahili Unguja kwa miaka mingi kabla mwanangu Hamadi hajanileta katika nchi hii ya Waarabu niishi naye. Katika maisha yangu sijapata kuliacha kosa lipite.

Leo nimeisahihisha sentensi iliyokuwa sahihi.

Hamadi anauza matairi Ras Al Khor, eneo la maghala hapa mjini. Anataka kumwoa Nuriya, karani wa ghala la jirani, binti wa Kiislamu kutoka wilaya ya wakulima kusini mwa Thailand. Kinachongojwa ni mimi tu, nimpigie simu baba yake nipose. Kwa miezi miwili nimekuwa nikijibu kwamba binti hajaijua lugha yetu vizuri.

Leo baada ya sala ya Ijumaa alikuja kutupikia. Rafiki yangu Athumani wa Mombasa naye alikuwapo, kwa kuwa hakosi mahali penye chakula. Nuriya alitoka jikoni, akajifuta mikono, akasema, "Baba, mpunga umeiva. Karibuni."

Athumani alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Yalla, Mwalimu! Lete mundu tukavune!"

Mimi sikucheka. Kwa sauti ileile ya darasani nilimweleza kwamba mpunga huwa shambani, ukishakobolewa ni mchele, na ukishapikwa ni wali. Nikamtaka arudie. Alirudia yote matatu bila kukosea, kisha akaongeza kwa upole, "Lakini kwetu umeiva kweli, Baba. Na hakuna wa kuuvuna."

Wali ulianza kupoa na hakuna aliyenyoosha mkono.

Akatuonyesha picha kwenye simu. Wilaya yao ni tambarare ya mpunga inayokwenda hadi chini ya vilima, na vilimani kumejaa miti ya mpira. Baba yake hujifunga taa kichwani kabla ya mapambazuko, akagema utomvu mti kwa mti. Ukishaganda, huanikwa uani kama nguo zilizofuliwa. Huenda tairi aliloliuza Hamadi jana lilianzia katika kikombe kilichofungwa kwenye mti wa mzee huyo. Mbele ya msikiti wao upo mfereji wenye bata, na ng'ambo ya mfereji lipo hekalu la Wabudha. Watu wa pande zote mbili walizoea kusaidiana kuvuna. Siku hizi wamebaki wazee kwa wazee. Vijana wamekwenda mijini, wengine Malaysia, mmoja yuko Ras Al Khor. Shamba la baba yake liko bondeni kwenye tope, mashine haiingii, na mwaka huu mgongo wake umekataa kuinama.

Jina la wilaya hiyo nimelitamka mara tatu. Mara zote tatu Nuriya aliangalia sakafu ili asicheke.

Hamadi akasema, "Baba, nataka niende nikavune. Lakini siwezi kuingia nyumbani kwa watu kama mpita njia."

Nilivuta sahani. Nilikula.

Basi niandike ukweli hapa, maana mezani nilishindwa kuusema. Kiswahili cha binti huyu hakijawahi kuniudhi. Ninachoogopa ni kwamba mwanangu akishaliona bonde lile hatarudi, nami nitabaki hapa peke yangu nikisahihisha mabango ya maduka.

Ninaogopa bado.

Hata hivyo, kabla hajaondoka nilimwomba Nuriya anifundishe namna ya kumwamkia mzee kwa lugha ya kwao. Alinisahihisha mara nne, kwa subira ambayo sikuwahi kumpa mwanafunzi yeyote. Hamadi alisimama mlangoni, viatu mkononi, akasahau kuvivaa.

Salamu hiyo nimeiandika kwenye karatasi na kuiweka chini ya miwani yangu. Kesho baada ya Alasiri nitapiga simu. Maneno ya posa nitayasema kwa Kiingereza, na kaka yake Nuriya aliyeko mjini atayafasiri kwenye simu hiyohiyo, lakini salamu nitaitoa mwenyewe. Najua nitaikosea.

Naomba tu mzee yule asiwe amewahi kuwa mwalimu.