Jina Langu Limo Rejistani Kilifi

Jumatatu, 3 Machi 1986
Mimi Kiponda wa Mwambire, wa Ganda, miaka sabini na nne. Nimezika wake wawili na machifu watatu. Nzige walikuja kutumaliza, nikawala mimi! Kusoma nimejifunza ngumbaru, uzeeni, nikawapita wote. Naandika habari za Kache, binti yangu. Miaka kumi na sita sijamwona. Alimfuata Thuku, mtu wa bara, fundi cherehani. Nikamwambia, hata nikifa usije kunizika. Basi hakuja hata nikiwa hai.

Alhamisi, 6 Machi
Kilifi, ofisi ya vizazi na vifo. Karani ni Nyakio, wa bara naye. Shikamoo baba, marahaba. Nataka kujua Kache yu hai au kafa. Kanipa fomu, nikajaza mwenyewe. Wewe ni nani wake? BABA. Kasema nirudi Jumatano.

Jumatano, 12 Machi
Kwenye vifo hayumo. Ahsante Mulungu!
Kwenye vizazi yumo mara mbili. Mvulana wa kwanza ana jina la babu yake wa huko bara. Wa pili, 1975 — Kiponda. Kiponda! Nikataka asome tena. Kisha nikasoma mwenyewe. Nyakio anasema kwao ndivyo, mvulana wa pili hupewa jina la babake mama. "Wewe baba ulimfukuza mkwe, naye kila siku anaita, Kiponda, njoo ule." Akacheka. Mimi sikucheka.
Nikataka kujua wanakaa wapi. Kapafunika kwa kiganja! Nikagonga meza. Kasema kutafutiwa rejistani ni haki yangu, lakini Kache ni mtu mzima, aulizwe kwanza. Niandike barua, ataipeleka yeye. Mwanamke mkaidi huyu, kanishinda.
Barua ya kwanza nilijaza habari za ng'ombe wangu. Nikaichana. Ya pili fupi: Kache, lile neno la kunizika nimelirudisha. Baba.

Ijumaa, 21 Machi
Kache kajibu kwa Nyakio. Atakuja leo saa nne, hapa hapa ofisini, na watoto. Nikianza ukali wanaondoka.
Niko benchini tangu saa moja. Kofia mpya. Karisa, askari wa mlangoni, ananichokoza: "Mzee, unaoa?"
Saa nne imepita. Na nusu.
Gari limesimama. Ameshuka mwanamke, mnene kama marehemu mama yake. Nyuma yake wavulana wawili, mdogo ana miguu yangu, ya kupinda. Kache ameniona. Hasogei.
Naandika huku nimesimama. Atakayebisha amuulize Nyakio, amuulize na Karisa: mimi mzee ndiye niliyesimama kwanza, na sasa natembea kumwendea Ka—