Kitabu Kinasema Shemeji Bado Yuko Juu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya yote marahaba, maana kwa miaka yangu sabini na minne najua umeshaniamkia hata kama hujafungua mdomo. Shule niliishia darasa la sita, la saba lilinikataa au mimi ndiye niliyelikataa, tulikataana, kwa hiyo ukikuta nukta zimepotea usizitafute, sikuwa nazo tangu mwanzo.

Mimi ni mzee wa kitabu katika klabu yetu ya glaida, yaani zile ndege zisizo na injini, zinavutwa na waya wa winchi mpaka juu kisha zinaachiwa zielee na upepo, na hapo hakuna anayelipwa, wote tunajitolea, mwenyekiti ni daktari wa meno na Jumamosi anafagia banda kama sisi wengine, mwalimu wa hesabu anaendesha winchi, kuna binti fundi cherehani anayeshona vitambaa vya mabawa na ni mmoja wa wanafunzi wetu, na mimi kwa kuwa magoti yangu yamestaafu kabla yangu nimepewa kiti, meza, kalamu na kitabu kikubwa. Kila anayeruka namwandikia mstari, jina lake, glaida yake na saa ya kupanda. Akishuka, gurudumu likasimama kwenye nyasi nikaliona kwa macho yangu haya, naandika saa ya kushuka na mstari umefungwa. Mstari usiofungwa maana yake mtu yuko juu, na mtu akiwa juu banda halifungwi na hakuna anayekwenda nyumbani hata mvua inyeshe mawe. Hiyo ndiyo sheria yetu. Nyingine zote tunazivunja.

Sasa nilikuwa na shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa friji, tulimwita Pamba kwa jinsi alivyokuwa anatua bila kusikika, na mimi na yeye tulitaniana miaka arobaini mpaka watu wakadhani tunagombana. Jumamosi moja mwezi wa pili alishuka saa kumi na dakika ishirini alasiri, akaja mezani kwangu na jasho lake akasema, "Nifunge, mzee, nina njaa." Nikamwambia, "Sikufungi. Umekunywa chai yangu asubuhi bila kuniomba, utakaa huko huko juu mpaka unipigie magoti." Akacheka sana, akasema, "Basi niache huko huko, shemeji, huku chini mna kelele." Nikafunika kitabu na mstari wake uko wazi, nikijua Jumamosi ijayo nitamtesa kidogo kisha nimwandike. Jumanne alijilaza mchana baada ya kula na hakuamka.

Sikumwandika. Mwanzoni nilisahau, msiba una shughuli zake, halafu nikakumbuka na bado sikumwandika, na kitabu hicho hakuna mwingine anayekifungua ila mimi.

Jumamosi ya kwanza baada ya msiba, glaida zetu zote tatu ziko chini, jua linawaka, mwalimu wa hesabu anakunja waya, kivuli cha bawa kikaja juu ya nyasi, kikapanda meza yangu, kikapita juu ya mkono wangu na mkono ukapoa mpaka kiwiko. Tukatazama juu sote. Anga jeupe, tupu kama sahani iliyooshwa. Mwalimu akasema, "Tai huyo." Nikamwambia, "Tai gani mwenye mabawa ya mita kumi na tano, mwalimu, hesabu gani hizo?" Akaendelea kukunja waya lakini haraka haraka.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa kumi na dakika ishirini kinakuja. Kinafuata upande wa upepo, kinageuka mwisho wa uwanja kwa adabu zote kama mtu anayekuja kutua, tunausikia na ule mluzi mwembamba wa hewa kwenye mabawa, kisha kikifika pale pa kugusa nyasi hakigusi, mluzi unapanda tena. Hakuna anayelizungumzia. Tumeanza tu kuchelewa kufunga banda. Utawakuta watu wazima wanane wamesimama mlangoni na ufunguo uko mkononi, kila mmoja anajifanya anatafuta kofia.

Jumamosi iliyopita binti akaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Alipanda vizuri, akageuka vizuri, mwenyekiti akawa anatabasamu kwa meno yote. Wakati wa kuja kutua akaona chini yake glaida nyeupe inazunguka, nayo inataka kutua, na sisi tumemfundisha kwamba aliye chini ndiye anayetangulia, basi akampisha. Akasubiri. Yule wa chini hatui, anazunguka tu. Binti akazunguka naye mpaka kimo kikamwishia, akashukia ng'ambo ya ua kwenye shamba la jirani, bawa likavunjika, mdomo wake ukapasuka na kidole gumba kikateguka. Tulipomfikia amekaa kwenye majani, halii, ananiangalia mimi tu, akaniuliza, "Babu, mwenzangu keshatua?"

Kamati ikakaa pale pale kwenye banda. Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake ya fungua mdomo, "Lete kitabu. Nani alikuwa juu?" Nikampa. Akasoma, akafuta miwani, akasoma tena, mistari miwili iko wazi, wa binti na ule wa mwezi wa pili. Akasema taratibu, "Kitabu kinasema kulikuwa na glaida nyingine. Basi binti amefuata sheria." Hakuna aliyepinga na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Sasa, Mshauri, niko njia panda na magoti yenyewe ndiyo haya. Nikimwandika shemeji saa yake ya kweli, basi juu hakukuwa na mtu, binti kavunja glaida kwa kukimbia hewa tupu na watamnyang'anya ruhusa ya kuruka, na kuruka ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikitaka. Nikimwacha, shemeji anaendelea kuzunguka, na Jumamosi hii anapanda mwanafunzi mwingine. Mke wangu nimemweleza yote, ananigeuzia mgongo kitandani na kusema neno moja tu kila siku, "Mshushe kaka yangu."

Na nikwambie lile nisilomwambia hata yeye. Saa kumi na dakika ishirini ikikaribia huwa najichana nywele.

Ni mimi,
Mzee wa Kitabu


MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu,

Marahaba umejichukulia mwenyewe, haya, ila usidhani itakuokoa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili niliinuka nikafunga dirisha.

Pole kwa shemeji yako. Pole ya kweli, kwa sababu naona hakuna aliyekupa. Mwanamume akipoteza shemeji watu humpa pole mke wake, yeye hupewa kazi ya kupanga viti. Lakini pole hiyo isikulaze.

Binti aliona nini huko juu mimi sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni ulichofanya wewe. Ulipewa kazi moja isiyohitaji magoti ukaifanya mchezo. Mchezaji mwenzako alipoondoka, ukaamua kwamba kwa kuwa wino haujasema, basi hajaondoka. Usiniambie ulisahau, mtu anayejichana nywele hajasahau kitu. Unamsubiri. Kumsubiri ni haki yako, ila umewasubirisha na watu wanane mlangoni, na umemweka msichana hewani akimpisha mtu uliyekataa kumwandika. Wiki hii ni kidole gumba. Wiki ijayo je?

Na toka nyuma ya binti, mzee, hapo hapakufichi. Mstari ulikuwa wazi miezi kabla yeye hajapanda peke yake, kwa hiyo huuachi wazi kwa ajili yake. Tena yeye hana kosa hata ukiufunga. Alifundishwa kumpisha aliye chini, akampisha. Kitabu kilisema kuna mtu juu, na kitabu kina mwenyewe. Kosa lina jina na si la kwake.

Leo hii, kabla hujamaliza gazeti, mpigie mwenyekiti umwambie winchi isiwashwe Jumamosi kwa ajili ya mtu yeyote. Waite wote uwanjani saa kumi kamili, na mke wako aje, usimwache nyumbani. Simama, dakika tano hazitakuua. Sema mbele ya binti maneno yale yale uliyoniandikia mimi, bila kuchekesha. Kisha kwenye mstari ule andika saa aliyoshuka kweli, na pembeni yake kwa wino mwekundu tarehe ya siku hiyo na sababu: kwamba hukumwandika kwa utani, halafu kwa majonzi. Tia saini. Mke wako naye atie, kama shahidi, maana amengoja kuliko wote. Mwombe binti radhi na umwombe mwenyekiti, mbele ya kila mtu, ruhusa ya binti isiguswe. Wakitaka kumwadhibu mtu, wakunyang'anye kiti, nawe ukitoe bila kubishana.

Ikifika saa yake, tokeni wote uwanjani msimame pembeni, kama mnavyompisha yeyote anayekuja kutua. Msitazame juu. Tazameni nyasi, mpaka mluzi ukome. Ukikoma fungeni banda mwende nyumbani, na huko umlilie kwa sauti, mke wako akusikie.

Na ukishatia saini, mzee wangu, usimtanie tena. Anaweza kukujibu.