Siku ya Tisa Chini ya Pengo la Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini na si juu ya zile ngazi za jengo la shule, maana nimesikia unazipanda kila asubuhi na mfuko wa mchanga mgongoni, na majirani wameanza kuulizana kama umeacha ushonaji ukaingia kwenye ujenzi. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi kimekwisha, au unakificha kama kawaida yako? Huku kwetu sote tu wazima. Mimi sina ugonjwa wa kutaja, ila usingizi umenipungua na ofisini wanalalamika kwamba siku hizi sitaniki. Sababu yake utaijua kabla hujamaliza karatasi hizi.

Barua yako niliipata na nimeisoma mara tatu. Nilicheka peke yangu pale uliposema unavaa viatu vya mlimani ukiwa kwenye cherehani ili vilainike, na kwamba mteja mmoja ameondoka na kitambaa chake kwa sababu haamini gauni litatoka sawa kwa mtu anayekanyaga pedali kama anaua nyoka. Endelea navyo hivyo hivyo. Mteja atarudi, lakini vidole vikichubuka siku ya pili ya safari hakuna dawa.

Uliniomba nikupangie safari ya kwenda kumwona shemeji pale alipolazwa. Uliandika kwamba miaka minne inatosha, umechoka kuwa mjane asiye na kaburi. Nimekupangia. Kupanga safari za milimani ndiyo kazi inayonilisha, nimewapangia wageni ambao hata majina yao yalinishinda kutamka, lakini huu ni mpango wa kwanza kuuchana na kuuanza upya mara tano. Nimeuweka ndani ya bahasha hii. Hata hivyo nikueleze kwa maneno yangu, kwa kuwa karatasi ya ofisi ina mambo ambayo haiwezi kuyasema.

Safari ni ya siku kumi na nne, na kuna mapengo matatu ya kuvuka, yaani zile njia nyembamba zinazopita kati ya kilele na kilele. Siku tatu za mwanzo ni msitu na matope. Punda watabeba mizigo, wewe utabeba maji yako, koti la mvua na ubishi wako. Siku ya tano tunavuka Pengo la Kwanza na hapo punda wanageuzwa, kwa sababu mbele ni mawe matupu, kwato hazishiki. Kuanzia hapo ni wapagazi sita na miguu yetu. Hewa itakuwa nyepesi. Utapiga hatua kumi usimame, upige kumi nyingine usimame, na utajiona umezeeka ghafla. Usione haya, hata vijana wenye vifua vipana husimama.

Kichwa kikikuuma, unasema. Usiseme kesho, unasema pale pale. Kikiuma na kifua kikaanza kukoroma, tunashuka saa hiyo hiyo, hata kama tumebakiza hatua mia moja kufika kwake. Unajua shemeji alificha maumivu siku mbili nzima kwa sababu alikuwa kiongozi na aliona kiongozi haumwi kichwa. Wewe na yeye mlioana mkiwa na kichwa kimoja kigumu, kwa hiyo hilo nimeliandika kwenye mpango na kulipigia mstari.

Siku ya nane tunafika kambini, chini ya Pengo la Pili. Siku ya tisa hatutembei, mwili unaachwa uzoee hewa. Utaona nimeandika kwamba hiyo ni siku ya kulala. Wenzangu wote huandika siku ya kupumzika, na mimi kwa miaka minne nimekataa kabisa neno hilo litoke mezani kwangu. Dereva wetu anasema wageni wakisoma watadhani tunauza magodoro. Meneja amenisahihisha kwa kalamu nyekundu mara mbili na mara mbili nimerudisha langu. Wananitania kwamba Kasuku amegeuka mwalimu wa lugha. Mwache dereva acheke.

Sasa nifike penye mwiba. Kambi ile ya zamani haitumiki tena. Tangu mwaka ule misafara hulala upande wa pili wa bonde, na mawe yamekuwa yakiporomoka kila msimu, hivyo mtu asiyepajua anaweza kupita karibu na shemeji asimwone. Unakumbuka walikuwa wanne tu, wamekwenda kukagua njia kabla ya wageni kuja: shemeji, ambaye wenzake walimwita Mkubwa, mpishi na wapagazi wawili. Wapagazi hao mmoja amehamia mbali na hana anwani, mwingine miguu yake haikupona vizuri na hapandi tena hata ngazi. Aliyebaki anayeweza kutufikisha ni mpishi. Na wewe umeniandikia kwamba nichukue mtu yeyote isipokuwa yule mpishi aliyeacha betri ya redio ikafa kwa baridi, na kwamba kuliko kuongozwa naye afadhali uongozwe na mbuzi.

Sikulaumu. Ndivyo ulivyoambiwa. Nakumbuka alivyokuja msibani, midomo imepasuka, akakunyooshea mkono nawe ukaingiza wako ndani ya mtandio. Alikaa benchi la mwisho karibu na pipa la maji, akaondoka kabla ya chakula. Watu walikuwa wanasema shemeji ameacha pengo, kama inavyosemwa kwenye kila msiba, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pako nimekushika bega. Bega hilo sikustahili kulishika. Kama umesimama dada, kaa.

Betri haikufa. Mpishi aliipakata ndani ya koti lake siku zote tisa, na siku ya tisa saa sita mchana alipiga redio kama alivyoagizwa. Aliyepokea ni mimi.

Unajua kwa nini wananiita Kasuku. Kanuni ya redio ni kwamba ujumbe wowote ukiingia, anayepokea anaurudia neno kwa neno kabla ya kukata, na mimi nilikuwa narudia hata salamu. Siku ile nilikuwa nimeweka mpango wa safari mbele yangu na kidole changu kiko kwenye mstari wa siku hiyo. Niliuandika mwenyewe: siku ya tisa, kupumzika, chini ya Pengo la Pili. Nilikuwa na wasiwasi naye kwa sababu shemeji hakuwa mtu wa kutulia. Redio ikakwaruza, ikaja sauti ya mpishi, akasema: Mkubwa amepumzika.

Nikatazama karatasi, karatasi ikasema vile vile. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kwamba angalau mara moja amesikia la mtu. Nikamjibu haya, mwacheni apumzike, kaeni hapo hapo, msiwe na haraka, mtupigie baada ya siku mbili ili betri isiishe. Sikurudia ujumbe, niliona hakuna haja. Nikakata, nikafungua chakula changu cha mchana, nikala nikamaliza.

Mpishi alikuwa ananiambia kwamba mumeo amekufa.

Wao wakakaa kama nilivyowaambia, wakiamini nimewatumia watu wa machela kuja kumbeba. Kituo cha chini kilikuwa na watu wanane wenye nguvu, wangefika kwa siku moja na nusu, na theluji ilikuwa haijaanza. Ilianza siku iliyofuata. Siku ya tatu ya kungoja, miguu ya yule mpagazi ilikuwa imevimba hata kiatu hakiingii, ndipo wakamlaza shemeji pale pale, wakampangia mawe, wakajiandaa kushuka. Kabla ya kuondoka mpishi alipiga redio akauliza watu wako wapi. Nikamuuliza watu gani. Akasema basi, Mkubwa wamempangia mawe wenyewe na wanashuka, akakata. Nami nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nimuulize Mkubwa anaendeleaje.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Meneja aliponiuliza imekuwaje, nilisema sauti ilikuwa inakatika. Huo ulikuwa uongo mdogo, na nilidhani utabaki mdogo. Yeye ndiye aliyehitimisha kwamba betri ilikufa kwa baridi, na kwa kuwa kuitunza betri ilikuwa kazi ya mpishi, akaandika hivyo kwenye taarifa, akaniwekea mbele. Nikatia sahihi. Mpishi aliapa kwamba alipiga na akajibiwa, lakini nani atamsikiliza mtu wa jikoni wakati mtu wa ofisini amekwisha sema? Alifukuzwa wiki ile ile. Ulipomnyima mkono wako msibani, ulikuwa unaninyima mimi bila kujua, na mimi nilikuwa nakushika bega.

Nimejitetea kwa kila namna ndani ya kichwa changu. Nimejiambia shemeji alikuwa amekwisha kufa, hakuna ambacho ningeokoa. Ni kweli, nisingemwokoa yeye. Lakini ungemzika nyumbani. Ungekuwa na mahali pa kufagia. Yule mpagazi angekuwa anatembea vizuri, na mtu mwaminifu asingepoteza kazi na jina lake. Haya yote nimeyajua kila siku kwa miaka minne, na kila ulipoandika kumlaani mpishi nilijibu kwa kukuuliza habari za afya.

Wiki iliyopita nilimfuata. Siku hizi anapika kwenye shule moja ya bweni, maharage kwenye sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea. Nilimwambia yote huku anakoroga. Kumbe hakuwahi kujua kwamba sikumwelewa. Miaka yote minne aliamini ofisi ilisikia vizuri, ikaona maiti haifai kusumbulia watu wanane. Nilimuuliza kwa nini hakusema tu kwamba amekufa. Akaniuliza mimi ningemwambiaje mtu hivyo, kwenye redio, habari za shemeji yake, kana kwamba anatoa taarifa ya punda aliyeanguka. Alisema tangu Mkubwa alipokata roho saa nne asubuhi hadi saa sita alizunguka hema akitafuta namna ya kusema, na neno lile alilichagua kwa sababu alijua atakayepokea ni mimi.

Usidhani alinisamehe. Aliniambia niinuke kwenye kigoda chake. Kisha, baada ya kuonja chumvi na kufunika sufuria, akasema atakwenda, kwa sababu Mkubwa alikuwa mtu wake na pale hapajulikani na mtu mwingine. Ila alitoa sharti: hatachemsha hata maji ya chai ya safari hii mpaka wewe ujue, na ujue kutoka kwangu, kwa maandishi. Kwa hiyo nisijivike sifa nisiyokuwa nayo. Barua hii nimeandika kwa sababu nimesukumwa. Ningependa kukuambia ningeiandika hata bila kusukumwa, lakini miaka minne inanishuhudia.

Leo asubuhi nimempelekea meneja taarifa mpya yenye sahihi yangu. Ameniambia niifikirie tena kazi yangu kabla hajaisoma. Nimeiacha mezani kwake nikatoka.

Kwenye orodha ya watakaokwenda, jina la mpishi nimeliandika kwa wino, kwa sababu bila yeye hufiki. Langu nimeliandika kwa penseli. Ukilifuta, yuko mwenzangu atakayeshika redio, na nimekwisha mfundisha kurudia kila neno hata likiwa jepesi kiasi gani. Ukiliacha, nitatembea nyuma yako na sitasema kitu mpaka useme wewe. Sikuombi unijibu haraka. Msimu unafunguka baada ya miezi miwili.

Nisalimie shangazi na umwambie dawa ya macho nimeipata, nitaituma kwa mtu. Wabusu wajukuu. Magoti yapake mafuta jioni na uyafunge kitambaa cha joto, na siku ya mvua usipande zile ngazi, zinateleza. Nakutakia afya, dada, kuliko ninavyojitakia mwenyewe.

Mimi mdogo wako,
Kasuku

Nilisahau jambo, au tuseme nimekumbushwa. Mpishi yuko hapa nje kwenye benchi. Amekuja kuichukua barua aipeleke posta kwa mkono wake, maana mimi haniamini, na ana haki. Aliomba aisome kabla sijaifunga bahasha, nikampa. Ameisoma polepole yote. Amesema sukari niliyoiweka kwenye mpango haitoshi watu tisa. Amesema pia nifute siku ya kulala niandike kupumzika, kwa sababu neno halina kosa lolote. Halafu akasema ule ujumbe wake hadi leo sijaurudia, na kanuni ni kanuni.

Narudia. Mkubwa amepumzika, siku ya tisa, chini ya Pengo la Pili, saa nne asubuhi. Nimepokea.