Upande wa Pili wa Santuri ya Ndirangu

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Sijaandika tangu mvua ya Machi. Ni uvivu tu, na uvivu hauna udhuru kwa mtu aliyewaadhibu watoto wa wengine darasani kwa kosa hilo hilo. Naomba radhi, ingawa hakuna wa kunijibu.

Kahawa imeiva. Asubuhi kuchuma, alasiri kiwandani. Mimi bado ni mwenyekiti wa kamati ya kiwanda, kwa hiyo husimama karibu na mizani nihakikishe matunda mabichi hayapiti. Mgongo unauma.

Ndirangu, kitinda mimba wangu, amerudi kutoka mjini Nyeri. Ameleta gitaa, nguo zake na katoni ya santuri zisizonunuliwa. Hakusema atakaa hadi lini.

Jumanne, 5 Novemba

Nilieleze jambo hili kwa utaratibu. Ndirangu na wenzake wana bendi. Hapo awali nyimbo zao za twisti zilipigwa katika kila baa, kuanzia Karatina hadi Nanyuki. Mwaka huu wametoa santuri kubwa. Upande wa kwanza una nyimbo za kucheza, kama zamani. Upande wa pili ni kipande kimoja tu, kirefu, karibu bila maneno. Gitaa linalia kana kwamba limefungiwa pangoni, na kinanda kinalijibu kwa mbali. Kwenye jalada, Mlima Kenya umepakwa rangi ya zambarau. Mlima hauna rangi hiyo. Nautazama kila asubuhi.

Wapenda dansi waliikataa kwa sababu ya upande wa pili. Wanafunzi wa vyuo waliikataa kwa sababu ya upande wa kwanza. Mwenye duka karibu na stendi amezirudisha zote. Kampuni ya Nairobi imewaambia warudi kwenye twisti au watafute kazi nyingine.

Niliisikiliza mara moja ilipotoka. Nikasema haitaishi, nikakataza isipigwe nyumbani mwangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Ndirangu alisema wakati wa chai: "Baba, ile rekodi imekufa. Ulisema ukweli. Tarehe kumi na nane wanaandikisha makurutu wa polisi Kiganjo. Nitaenda."

Nimemwombea jambo hili kwa miaka. Sare, mshahara, pensheni. Nilimjibu, "Vyema." Nilitarajia furaha. Haikuja. Sielewi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Kijana hali chakula vizuri.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nilipitia njia ya mtoni kwenda kiwandani. Kabla sijafika nilisikia gitaa la mwanangu.

Nyuma ya ghala wanawake walikuwa wamekaa chini wakichambua kahawa, wakitoa matunda mabichi na yenye ugonjwa. Katikati yao alikuwa mke wangu. Alikuwa amebeba gramafoni ya betri ndani ya kikapu, chini ya leso, pamoja na ile santuri niliyoikataza. Nimekuja kujua kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu mavuno yaanze, na kwamba huizima wanaponiona nikishuka kwa njia ya kawaida. Mke wa mwenyekiti.

Nilinyoosha mkono kuizima.

"Mwalimu, wacha!" wakapiga kelele. "Ukitoa hiyo, nani ataweka ingine? Angalia hii mikono!"

Mikono yao ilikuwa imegandwa na utomvu mtamu wa kahawa. Ndipo nikaelewa. Santuri ndogo huisha upesi, na kila ikiisha lazima mtu anawe, aigeuze, arudi. Za twisti ni mbaya zaidi, kwa maana wasichana huacha kahawa na kuanza kukata viuno. Upande wa pili wa Ndirangu huendelea tu bila kukatika.

Nilikaa juu ya gunia nikausikiliza wote. Hakuna aliyegombana na mwenzake, jambo ambalo sijaliona msimu huu. Karibu na mwisho ngoma ilinyamaza, gitaa likabaki peke yake, na mikono ya wale wanawake ikapunguza mwendo pamoja nalo.

Ni kazi nzuri. Nilikosea.

Jumapili, 10 Novemba

Nilisali vibaya. Sitaki aende Kiganjo. Sijamwambia.

Jumanne, 12 Novemba

Nilimtaka Ndirangu anibebee gunia hadi kiwandani. Barasa, mpiga ngoma wa bendi, alikuwa amekuja kumwona, akafuatana nasi. Baba yake ni mkufunzi wa polisi Kiganjo, mtu wa Bungoma. Barasa humtania kila mtu, hata mimi. "Mwalimu, kumbe ni wewe ulituroga! Hata mama yangu alikataa hiyo rekodi, na yeye hunipenda!"

Tulipofika nyuma ya ghala, santuri yao ilikuwa ikilia pale. Ndirangu alisimama na gunia mgongoni akisikiliza, mpaka nikamwambia alitue.

Cucu Wangechi, bibi mkongwe kuliko wote pale, alimpima kwa macho.

"Ni wewe unapiga hiyo gitaa?"

"Ni mimi, Cucu."

"Unapiga kama mtu anatafuta ng'ombe kwa ukungu."

"Nisamehe, Cucu."

"Nimesema ni mbaya? Nauliza, hiyo ng'ombe alipata?"

Wanawake walicheka. Ndirangu hakucheka. Alilifikiria swali.

"Bado, Cucu."

"Basi tengeneza ingine tujue. Lakini iwe ndefu. Hatuna mikono ya kugeuza."

Barasa alicheka hadi akakaa chini. Kisha Ndirangu naye. Tangu arudi, sikuwa nimemsikia akicheka.

Ijumaa, 15 Novemba

Wachambuzi wa kahawa hawawezi kulisha bendi. Najua. Ndirangu anajua. Kampuni haijabadili neno.

Lakini Barasa amepata ukumbi wa shule huko Kerugoya. Wanaweza kuutumia likizo yote kutunga kipande kingine kirefu. Wataanza Jumatatu, siku ile ile ya makurutu. Ndirangu anaenda huku na huku uani. Mama yake anamtazama, kisha ananitazama mimi. Natazama pembeni. Huu ni woga.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya kanisa nilimwambia: "Usiende Kiganjo kwa ajili yangu. Ukienda, nenda kwa ajili yako."

Aliniuliza, "Na nisipoenda, Baba?"

Nilimwambia kwamba chakula kipo, na chumba chake kipo.

Aliitikia kwa kichwa, akanifungulia lango nipite kwanza.

Sasa ni jioni. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Amekaa kizingitini akipiga viatu rangi, polepole, kimoja baada ya kingine. Viatu ni hivyo hivyo kwa Kiganjo na kwa Kerugoya. Sijamuuliza, na sitamuuliza. Kesho, nikishajua amechagua nini, nitaliandika hapa kabla sijanywa chai.