Bafle ya Kushoto

Mujukuu wangu Aline,

Barua yako imefika hapa Himbi, tumeisoma wote tukicheka. Dada yako amezaa kijana. Akilia, barabara nzima inasikia.

Unauliza sababu gani situpi ile radio ya zamani ya bafle mbili, zile sanduku zake za kutoa sauti. Wakati wa vita tulikimbia. Babu yako alibeba radio na bafle moja, jirani yetu Mama Riziki akabeba ile ingine, ya kushoto, tukapotezana njiani. Tuliporudi, kwa miezi mingi wimbo wetu wa Jumapili ulikuwa na muimbaji na ngoma, lakini gitare hakuna: ilikuwa inatokea kwa bafle ya kushoto tu. Mama yako, wakati ule mutoto mudogo, alijua wimbo uko vile.

Siku moja Mama Riziki akaingia, bafle kichwani, imefungwa na kikwembe chake. Hata maji hatukumupa kwanza: tuliunga waya. Gitare ikalia! Tulicheza mpaka vumbi ikaanguka toka kwa mabati.

Mama yako akauliza: «Huyu mwenye gitare alikuwa wapi?»

Babu yako akamujibu: «Alikimbia, mama. Leo amerudia.»

Krismasi uje. Tangu uende, upande mumoja wa nyumba hii haulii.

Koko wako