Dieudonnée, Hukusema Tungoje

Mwaka umetimia, mpenzi wetu Dieudonnée, tangu simu itoke Kinshasa kutuambia kwamba presha imekuangusha ukiwa kazini na hukuamka tena. Ulikuwa na miaka arobaini na sita. Ulizikwa huko huko, mbali na Kasongo, na wengi wetu hatukupata hata kutupa udongo.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, tulikaa nyumbani kwa mama kuandika kumbukumbu hii. Louise, mdogo wako, ndiye aliyeshika kalamu. Akaanza kama wanavyoanza wote: mpole, mkarimu, mcha Mungu. Mama yetu Emilienne alimsikiliza mpaka akachoka.

"Mucha Mungu ya wapi?" akasema. "Dieudonnée alikuwa anasinzia ku misa. Andika mutu mwenyewe."

Basi tunakuandika ulivyokuwa. Ulitembea mbio hata ukienda kumsalimia jirani. Uliosha mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kula, nasi tukakucheka. Kila likizo ulibandika vikaratasi jikoni: chumvi, sukari, mawese, na tarehe ya kufunguliwa kila kimoja. Wali na samaki wa Lualaba ulikula kwa mkono, ukafyonza miiba bila aibu, na shahada zako zote hazikukuzuia.

Kazi yako ilikuwa kuchunguza jinsi mdudu wa malaria anavyoingia ndani ya seli ya damu ya mtu na kuigeuza imtumikie yeye. Siku moja mama alikuuliza ni kitu gani hasa unachotafuta miaka yote hiyo, na wenzako wote wameolewa. Ulichukua sufuria ya ugali, ukamwonyesha ule ulioganda chini. Ukamweleza kwamba seli iliyoingiliwa huota vinundu vya kunata, ikagandia ukuta wa mshipa namna ile, na ikigandia kwenye ubongo wa mtoto, njia ya damu inaziba. Ulitaka kujua kinachoigandisha, ili siku moja ipatikane dawa ya kuibandua. Mama alielewa vizuri. Akaenda kuwaeleza wenzake sokoni, akijigamba, mpaka wakawa wanamkwepa.

Ulifika hadi Salamabila kwa wachimba dhahabu kuomba damu ya kuchunguza. Walisema unakwenda kuiuza. Ukajichoma kidole chako kwanza mbele yao, ukasema, "Haya, na hii yangu nitamuuzishia nani?" Wakacheka, wakanyoosha mikono.

Sasa tufike kwenye uchungu wenyewe. Miaka saba iliyopita Pacifique, mtoto wa kaka yako mkubwa Magloire, alishikwa na homa kali. Alikuwa na miaka minne. Wewe ulikuwa umeshuka ndege Kindu, unakuja likizo, na njia ilikuwa matope matupu. Ukampigia mama simu. Magloire alikuwa uani ameshika baiskeli, tayari kumbeba mtoto mpaka hospitali. Mama alipomaliza kuongea nawe akamwambia, "Ndugu yako iko njiani, anakuja na dawa yake. Amesema tumungoje." Magloire akairudisha baiskeli ukutani.

Ulifika kesho yake mchana kwa pikipiki, umetapakaa matope mpaka kwenye nyusi. Ulimgusa mtoto mara moja tu, ukapanda naye tena pikipiki ile ile. Alikata roho mikononi mwako kabla hamjafika sokoni. Magloire alikufokea mbele za watu: "Ni wewe ulisema tungoje! Dokta muzima, mutoto anakufa mu mikono yako!" Ukamtazama mama. Kisha ukamwambia kaka yako, "Unisamehe, yaya." Hukuongeza neno, siku hiyo wala baadaye.

Tulikuadhibu, Dieudonnée. Magloire hakulitaja tena jina lako; ukija Kasongo, yeye alikwenda shambani Lusangi mpaka uondoke. Mkewe Faida alikugeuzia uso. Mjini wakakuita dokta wa maiti, na jina hilo likakutangulia Kabambare ulikokuwa unachukua damu, akina mama wakawaficha watoto wao wasikuone. Uchunguzi uliouanza huko ukafa. Ukaanza upya katika mkoa mwingine, umepoteza miaka minne, na ulichokuwa unakitafuta hukukipata. Ulipokufa, Magloire hakukanyaga kwenye matanga.

Jumapili hiyo alikuja kwa sababu mama alimwita mara tatu. Mama akamwambia Louise aandike bila kumkatiza.

"Dieudonnée hakusema tungoje. Alisema, 'Mama, mumupeleke ku hospitali sasa hivi, musiningoje.' Alisema mara mbili. Ni mimi nilitaka yeye ndiye amuponyeshe. Nilitaka watu ya hapa waone mutoto yangu alisomea nini. Mutoto alipokufa, nikaogopa."

Hakulia. Sisi ndio tuliolia, wengine kwa hasira. Miaka sita alikuacha ubebe kosa lake, nawe ukalibeba kwa sababu yeye ni mama. Tunakuheshimu kwa hilo, na tunakulaumu vile vile. Ungesema! Tungegombana mwaka mmoja, miwili, yakaisha, ukala nasi Noeli. Sasa samahani hii tunampa nani? Kila asomaye haya na ajue kwamba hukumwua Pacifique, na kwamba tuliokusema tulisema uongo.

Mwishoni Louise aliorodhesha wanaokukumbuka, mama akiwa wa kwanza. Magloire akaomba karatasi. Tulidhani anataka kuichana. Akaandika jina lake na la Faida, kisha akapiga mstari juu ya jina la mama. Mama alivaa miwani, akautazama mstari ule kwa muda mrefu.

"Jina yangu musiandike tena," akasema. "Muache vile."

Wanaokukumbuka ni kaka yako Magloire, wifi yako Faida, mdogo wako Louise, watoto wake Naomie na Christophe, na Ruphin mliyefanya naye kazi maabara. Maadamu tunapumua, Dieudonnée, hatutakusahau.