Bunduki Niliyoikalia

Shoga, sikia haya. Leo nimefanywa mama wa waasi.

Unajua pale kambini ninapopika. Wale wakufunzi wa kigeni wanawafundisha vijana wetu kupekua nyumba bila kuwaudhi wananchi. Leo ulikuwa mtihani, na kikosi kitakachofaulu kinakwenda msituni Jumatatu kupigana na waasi. Wakaniomba niwe mwenye nyumba. Bunduki wakaificha chini ya mto wa kiti, nami nikaikalia.

Nilidhani mlango utavunjwa. Nikasikia hodi.

Hodi, shoga. Wakavua buti nje, wote kumi, mjukuu wangu mbele. "Shikamoo bibi, tumekuja kukupekua." Nikasema marahaba, karibuni.

Wakapekua kabati, ndoo, hata sufuria. Nikataka kuinuka, mjukuu akanizuia: "Wewe kaa bibi, magoti yako hayo." Mwingine akaniletea kigoda cha kuwekea miguu.

Mkufunzi akaninyanyua mwenyewe, akaonyesha bunduki. Uso umemwiva. Mkalimani akatafsiri: "Anasema mmekufa wote. Anauliza, nani aliwafundisha kuvua buti?"

Mjukuu akamwambia mkalimani, "Ni yeye mwenyewe mkufunzi, afande. Alisema tuwaheshimu wananchi."

Wamefeli. Jumatatu hawaendi. Nilijifungia stoo ya unga nikalia, nikashukuru.

Sasa mkufunzi anataka turudie kesho; wakifaulu, Jumatatu wanakwenda. Amenishika mkono kwa adabu, maskini, akauliza kama magoti yangu yataweza.

Nimemwambia kukaa nitaweza. Kuinuka ndiko siwezi.